Uso wa Mama Mkwe

Ruffin alikohoa mara mbili, kama kila asubuhi, na Mwadi akachukua sufuria yake akaenda nyuma ya jiko.

Hakukuwa na ugomvi kati yao. Kikohozi cha kwanza kilimaanisha kwamba mkwe ameamka. Cha pili kilimaanisha kwamba anatoka. Kati ya kimoja na kingine mama mkwe alikuwa na muda wa kuondoka uani, na kama muda haukutosha, alijifunika kitenge kichwani akageukia ukuta. Hiyo ndiyo buko, heshima ya ukwe ya Waluba: mwanamume hamtazami mama wa mkewe usoni, hamshiki mkono, hali chakula mbele yake, hamwiti jina. Familia nyingi za Kamina zilikuwa zimeilegeza. Familia ya Mwadi haikuilegeza, kwa sababu Mwadi na Ruffin waliishi nyumba moja, na watu wa nyumba moja wanahitaji mpaka kuliko watu wa nyumba mbili.

Nyumba yenyewe ilikuwa ya reli. Marehemu Kayembe, mume wa Mwadi, fundi wa mabehewa, aliiacha ikiwa na milango miwili. Ruffin alipohamishwa kutoka Luena kuja kuwa muuguzi wa zahanati ya mtaa, hakupata pa kukaa, na Monga, kaka yake Mwadi, akaruhusu akae hapo na mkewe Phébé kwa sharti moja: mlango wa mbele ni wa mkwe, wa nyuma ni wa mama. Huu ulikuwa mwaka wa pili. Katika muda huo Ruffin alikuwa ameona visigino vya mama mkwe wake mara kadhaa na mgongo wake mara nyingi. Uso hakuwahi kuuona hata siku ya posa, kwa kuwa siku hiyo ulikuwa umeinamishwa.

Nyuma ya jiko, Mwadi aliinjika tena sufuria. Ndani yake yalichemka mafuta meusi ya kokwa za mangazi, yaani za mchikichi, ambazo alikuwa amezikaanga na kuzitwanga mwenyewe. Jani la mshubiri alikuwa amelisimamisha kwenye bakuli tangu jana, lichuruzike maji yake ya njano, kwa sababu maji hayo yanawasha. Sasa alilipasua, akakwangua utomvu mweupe, akautia kwenye mafuta yaliyopoa kidogo, pamoja na parachichi lililopondwa na kuchujwa kwa kitambaa. Ndimu hakutia. Mara moja alitia ndimu kwa ajili ya harufu, akaenda nayo shambani, na mashavu yakachubuka kwa wiki mbili.

Alijipaka taratibu, bila kioo. Vidole vilijua njia: shavu la kushoto, juu ya pua, shavu la kulia. Hapo ngozi ilikuwa imekwaruzika na kuiva, rangi ya tofali chini ya weusi, mfano wa mtu aliyekanda unga wa mtama akajifuta uso kwa viganja vyote viwili. Mafuta yalipoingia, moto ulipungua. Yalikuwa mafuta mazuri. Baadaye hilo ndilo lililoonekana kuwa sehemu ya tatizo: yalituliza uso, na hakuna aliyeharakisha.

Ugonjwa ulikuwa umeanza na mvua za kwanza, miezi saba nyuma, na Ruffin alikuwa ameutibu tangu mwanzo, kupitia kwa Phébé.

"Mama anasema uso inamuunguza," Phébé alimwambia mumewe.

"Inamuunguza namna gani?"

"Kama pilipili."

"Ni sabuni. Aache ile sabuni."

Mwadi aliacha sabuni. Mwezi wa pili wa ugonjwa ikawa ni fangasi, wa nne ikawa ni wadudu wa mto, wa tano ikawa ni mawazo ya ujane. Kwa kila jina Ruffin alileta dawa, akaiweka dirishani, akakohoa. Alikuwa muuguzi makini. Kwa mgonjwa mwingine yeyote angesema asogee penye mwanga.

"Muulize kama vidole vinamuuma," alisema siku moja.

Phébé alikwenda nyuma ya jiko akarudi. "Asubuhi vinamuuma. Hawezi kufunga ngumi."

"Iko na miaka ngapi?"

"Makumi ine na saba."

"Bon. Ni miaka."

*

Wiki moja kabla ya sikukuu ya Ekaristi, Mama Kabedi alikuja. Alikuwa mwenyekiti wa kina mama wa parokia, na alikuja amevaa sare ya chama siku isiyo ya chama, ishara kwamba hakuja kwa ajili yake mwenyewe.

"Wafwako, Mama Mwadi," alishukuru kwa kiti. "Siye banamama tulikutana. Minyi peke yangu, singesema kintu."

"Sema tu."

"Ni juu ya procession. Weye njo unabebaka maua mbele ya Sakramenti. Kila mwaka."

"Njo vile. Myaka tisa."

"Sasa, uso yako." Kabedi aliutazama uso huo, kisha akatazama sufuria. "Bantu banasema unajichubua. Mujane, mafuta ya sufuria, uso nyekundu. Minyi sisemi. Ni bantu."

"Najichubua uso tu, naacha shingo?"

"Bengi banaanza na uso."

Mwadi alifikiria jibu hilo na kuona kwamba ni kweli. "Ni ugonjwa, Mama Kabedi."

"Ugonjwa gani?"

Mwadi alikoroga sufuria. Katika nyumba yenye muuguzi, ugonjwa wake ulikuwa umeshakuwa sabuni, fangasi, wadudu na ujane.

"Unaona," Kabedi alisema bila ubaya. "Mutoto yako ameolewa na infirmier, na ugonjwa haina jina? Basi utatembea nyuma, na bale bazee. Maua atabeba mwingine."

"Nyuma kule, jua ni moja na ya mbele."

"Haiko mambo ya jua, mama."

Yalikuwa mambo ya jua, lakini wakati huo hakuna kati yao aliyelijua hilo. Kabedi aliinuka, akakunja kitenge chake vizuri, akasimama kidogo mlangoni.

"Na ile mafuta. Inasaidia visigino?"

"Inasaidia."

"Nipatie kidogo."

Mwadi alimjazia kopo. Siku ya sikukuu alitembea nyuma na wazee, bila kofia, kwa muda wa saa mbili na nusu, mchana mweupe wa kiangazi. Usiku ule alipata homa, na asubuhi uso ulikuwa umefura hadi jicho la kushoto likafungwa.

*

Wazo la picha lilikuwa la Phébé.

"Nitakupiga na simu, mama. Nitamuonyesha."

"Ni uso yangu ile. Ni buko."

"Ni picha."

"Picha ya nini? Ya uso yangu."

Walishindwa kukubaliana, wakampigia Monga. Monga alikuwa shambani nje ya mji, na upepo ulisikika kwenye simu. Alisikiliza hadi mwisho, kisha akauliza maswali kama hakimu.

"Hiyo picha inapumua?"

"Hapana, yaya," Mwadi alijibu, kwa neno la kumwita kaka mkubwa.

"Ukiisalimia, inaitika?"

"Hapana."

"Basi haiko mama mukwe. Aangalie." Akafikiri. "Lakini asiangalie sana."

Phébé alimkalisha mama yake penye mwanga, akapiga picha tatu, akaenda kumwonyesha mumewe mlango wa mbele. Ruffin alifuta mikono kwanza. Alishika simu mbali na mwili, akaitazama kwa muda ambao kaka mkubwa yeyote angeuita wa heshima, akairudisha.

"Sioni kintu."

"Angalia muzuri!"

"Nimeangalia. Ngozi ni safi. Mama yako anaonekana kijana kukupita weye."

"Uso yake imefura, Ruffin!"

"Imenenepa kidogo. Anakula. Ni muzuri."

Simu ya Phébé ilikuwa na tabia ambayo muuzaji aliitaja kama sifa: kila uso ulioingia kwenye kamera yake ulitoka umesafishwa. Makovu, chunusi, mikunjo, vyote ilivifuta yenyewe bila kuombwa. Phébé alikuwa na picha zake mia mbili za namna hiyo na alikuwa amezizoea, hata akaamini kwamba ndivyo alivyo. Kwa hiyo hakushangaa kumwona mama yake amependeza. Alishangaa tu kwamba mumewe haoni ugonjwa, akadhani ni heshima imezidi.

Jioni Mwadi aliomba aonyeshwe. Aliutazama uso wa mwanamke yule laini, asiye na uchovu, aliyefanana na dada yake mdogo aliyekufa.

"Huyu ni nani?" aliuliza.

"Ni weye, mama."

"Haiko minyi." Akarudisha simu. "Lakini kama njo huyu ulimuonyesha, basi ana haki. Huyu haumwi."

*

Julai ilipoanza, viatu vilikataa kuingia. Miguu ilikuwa imejaa maji; ukibonyeza kwa kidole, shimo lilibaki, na Mwadi, ambaye hakupenda kubahatisha, alihesabu: shimo lilikaa mpaka amalize Salamu Maria moja. Nywele za pembeni zilitoka na kitana. Kisha akaona jambo la tatu, akamwita Phébé.

"Mukojo yangu inatoa povu. Kama ya bière. Haiishi."

"Mama!"

"Mwambie."

"Nitamwambia bwana yangu mambo ya mukojo ya mama mukwe? Weye mama unataka tufukuzwe?"

"Weye unamwambiaka nini?"

"Ninasema unachoka."

Ilikuwa kweli kwamba alichoka. Maneno ya Mwadi yalitoka nyuma ya jiko yakiwa kamili, na kufika mlango wa mbele yakiwa yamevalishwa nguo.

Monga alikuja Jumapili. Aliona miguu ya dada yake, akaomba maji. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu wa utaratibu.

"Tutafungua buko," alisema. "Iko njia. Mukwe analeta kuku mweupe na kitenge, watu wa pande mbili wanakaa, tunakula pamoja, halafu anakuangalia. Inaisha."

"Lini, yaya?"

"Watu wa Katoto lazima bakuwe. Bale njo bakubwa ya baba yetu. Batakuya mwezi ya nane, mwisho."

"Hii ni mwezi ya saba, mwanzo."

"Njo vile."

"Yaya, nitafika?"

Monga aliitazama miguu tena. Alikuwa amezika watu wengi na alijua kukadiria. "Paka mafuta," alisema mwishowe.

"Napaka. Uso inasikia mafuta. Miguu haisikii."

Usiku ule Mwadi alilala ameketi, kwa sababu akilala chali pumzi ilikatika. Alipanga mambo yake kwa mpangilio. Buko ilikuwa ya mwanamume na mama wa mkewe. Ilikuwa nyumbani, uani, njiani, penye chakula. Zahanati haikutajwa na wazee wowote, kwa kuwa wazee hawakuwa na zahanati. Hoja hiyo haikuwa kubwa, lakini Monga alikuwa ameshinda kesi kwa hoja ndogo zaidi.

*

Alifika zahanati saa moja asubuhi kwa pikipiki, kitenge kichwani, na kupewa kipande cha katoni chenye namba kumi na moja. Aliketi kwenye benchi kati ya mwanamke mwenye mtoto wa surua na mfanyakazi wa reli aliyepondeka kidole gumba. Walimsalimia, akaitika. Alikuwa ameleta mkojo wake kwenye chupa, amefunga ndani ya mfuko mweusi.

"Namba kumi na moja," Ruffin aliita, bado anaandika.

Mwadi aliingia, akafunga mlango, akaketi kwenye kiti cha mgonjwa.

"Jina?" Ruffin aliuliza daftari lake.

"Mwadi Ilunga. Mujane wa Kayembe."

Kalamu ilisimama. Ruffin hakuinua kichwa. Sikio lake moja, lililokuwa upande wa mgonjwa, lilibadilika rangi.

"Mama... labda mungojee Soeur, ule mutawa. Soeur anashughulikaka na banamama."

"Soeur ameenda vaccination. Nimeuliza. Anarudi siku ya tano."

"Phébé hakuniambia."

"Phébé anakuambiaka nimechoka." Akaweka mfuko mweusi mezani. "Ile ni mukojo. Angalia povu. Nilikuya na namba, kama bantu bote. Nje kule weye ni mukwe. Hapa ni Monsieur l'infirmier. Fanya kazi."

Ruffin alifanya kazi, kwa kuwa hiyo ilikuwa amri pekee aliyoielewa. Alitumbukiza kijiti cha kupimia ndani ya chupa, akasoma rangi kwenye kopo, akasoma tena. Protini, alama tatu. Damu, mbili. Akachukua kipimo cha presha. Alizungusha kitambaa cha kipimo juu ya mkono wa blauzi, akapampu, akakuta namba isiyo na maana, kwa sababu nguo ilikuwa nene. Yeye mwenyewe aliwafundisha wanafunzi kwamba kosa hilo halisameheki.

"Blauzi inaleta makosa," aliliambia daftari.

"Basi ipandishe."

Aliipandisha. Ilikuwa mara ya kwanza kumgusa. Mia moja na sabini na nane kwa mia moja na kumi. Aliandika namba zote mbili kwa mwandiko mzuri kuliko kawaida. Kisha hakikubaki kitu cha kupima isipokuwa kile kilichomleta.

Mwadi alishusha kitenge.

Ruffin aliinua kichwa. Wekundu ulitanda shavu hadi shavu na kupita juu ya mfupa wa pua, kama ndege aliyetua na mabawa wazi. Chini yake, mikunjo miwili inayoshuka kutoka puani hadi pembe za mdomo ilikuwa imebaki na rangi yake, safi kabisa. Alitazama mikunjo hiyo. Shuleni Lubumbashi kulikuwa na somo la saa moja juu ya ugonjwa huu, na mwalimu alisema hamtauona mara nyingi, lakini mkiuona, angalieni hapo. Ruffin alikuwa amepata alama tisa kwa kumi.

"Miezi ngapi?" aliuliza, ingawa alijua.

"Minane."

"Inazidi ukiwa kwa jua?"

"Weye hukuuliza."

"Sasa nauliza."

"Inazidi."

Aliandika neno moja kwenye karatasi ya rufaa, *lupus*, akaweka alama ya kuuliza mbele yake, akatazama, akaiacha. Akaeleza kwa ufupi. Mwili unajipiga wenyewe. Unapiga ngozi, viungo, na sasa unapiga figo. Ugonjwa hauponi. Unatunzwa, kwa dawa za kila siku, lakini figo hazisubiri, na daktari wa kuanzisha dawa hizo yuko Lubumbashi.

"Na mafuta yangu?"

"Mafuta iendelee. Ni muzuri, ngozi inataka mafuta, na weye hutii kintu kibaya ndani. Lakini figo haisikii mafuta, mama."

"Njo vile nilimwambia yaya."

Ruffin alikunja karatasi. "Nilisema ni miaka," alisema. "Nilisema ni ujane."

"Ulisema pia ni wadudu."

"Nilisema."

Alingoja aambiwe kitu kingine. Mwadi alikuwa anajifunga kitenge. "Treni ni lini?" aliuliza.

*

Monga alisikia habari kabla ya saa sita. Alikuja na kusikiliza pande zote. Swali lilikuwa nani alipe. Mwanamume akimtazama mama mkwe, faini yake ilijulikana. Mama mkwe akijionyesha kwa hiari, huku ameshika namba, faini haikuwahi kusikika. Kwa usalama alitoza kuku mweupe kila upande. Kuku wote wawili waliliwa siku ileile, watu wakiwa wanne tu. Ruffin alikula amegeukia ukuta, kwa mazoea, mpaka Phébé akamgeuza.

"Na bantu ya Katoto?" Mwadi aliuliza.

"Nitabaambia ilikuwa picha," Monga alisema.

Phébé alikuwa na mimba ya miezi saba, barabara ilikuwa mbaya, na mgonjwa wa rufaa alihitaji mtu wa kumpima presha njiani. Hesabu ilitoa jibu moja. Siku ya tatu Ruffin na mama mkwe wake walipanda treni ya Lubumbashi, wakaketi ana kwa ana, magoti yakiwa umbali wa kiganja kimoja, na kopo la mafuta kwenye kikapu. Mama Kabedi alikuja stesheni kuaga. Aliuliza jina la ugonjwa, akaambiwa, akalirudia mara mbili ili alipeleke kwa kina mama likiwa zima. Kuhusu maua hakusema kitu.

Saa ya kwanza Ruffin alitazama miti. Mwadi alitazama kiatu cha Ruffin, ambacho alikifahamu vizuri.

Kisha reli ikapinda, jua likaingia dirishani na kumwangukia Mwadi usoni. Dirisha halikuwa na kioo wala pazia; kitenge walichojaribu kukifunga pale upepo ulikuwa umeshakifungua. Ruffin aliliona jua likipanda kutoka kidevuni hadi shavuni. Alijua la kufanya. Hakujua la kusema, kwa kuwa hakuna neno ambalo mkwe anaweza kumwamuru nalo mama mkwe asimame. Mwishowe akakohoa mara mbili.

Mwadi aliinuka palepale, kikapu mkononi, tayari kutafuta nyuma ya jiko. Alisimama katikati ya behewa, akatazama huku na huku, watu na mizigo kila upande. Kisha akaona kwamba Ruffin naye amesimama, amebanwa dirishani, na kwamba kiti chake kiko kivulini na ki wazi.

Akaketi. Ruffin akachukua kiti cha jua.

Mwadi alifungua kopo akajipaka mafuta, shavu la kushoto, juu ya pua, shavu la kulia, bila kugeuka pembeni. Halafu akatoa mhogo wa kuchemsha, akakata vipande viwili, akamsogezea kimoja. Ruffin alikula akiwa anamtazama, kwa sababu kutoka kiti kile hapakuwa na ukuta wa kutazama.

Karibu na Bukama reli ilipinda tena, na jua likahamia kwenye kiti cha Mwadi. Ruffin alikohoa mara mbili, na mama mkwe wake akainuka akamrudishia kiti.